Young Doctors in Love, Tootsie au Soapdish: uchague ipi kati ya filamu tatu zinazotania tamthilia za hospitali?

Ukiwauliza wapenzi wa filamu za zamani za Marekani wakutajie kichekesho kinachotania tamthilia za hospitali, zile ambazo daktari mmoja anapendwa na manesi watatu na marehemu anarudi siku ya harusi ya mkewe, utapewa majina yaleyale: Young Doctors in Love ya 1982, Tootsie ya mwaka huohuo, na Soapdish ya 1991. Hutajwa pamoja kana kwamba ukiona moja umeziona zote. Mimi nazipenda zote tatu, kila moja kwa kiwango chake, na naona kuzichanganya ni kuwakosesha watu raha. Mtu anaanza na isiyomfaa, anaizima katikati, kisha anadhani na hizo nyingine ni hivyohivyo.

Undugu wao ni wa kweli, hilo silikatai. Garry Marshall aliyeongoza Young Doctors in Love ndiye huyohuyo anayeonekana katika Soapdish miaka tisa baadaye, safari hii mbele ya kamera, akicheza mkubwa wa kituo cha televisheni. Mwigizaji Dabney Coleman naye yumo katika zote mbili za 1982. Mwezi Julai watazamaji walimwona akiwa mkuu wa madaktari wa upasuaji, na Desemba wakamwona akiwa mwongozaji wa tamthilia ya hospitali. Tofauti kubwa iko hapo hapo. Filamu ya kwanza inakaa ndani ya hospitali yenyewe, ya pili na ya tatu zinakaa studio, nyuma ya kamera zinazoitengeneza tamthilia.

Tuanze na hiyo ya hospitali.

Young Doctors in Love inatokea City Hospital, hospitali ya kubuni ambako kundi la madaktari wapya limeripoti kwa mafunzo ya kazi. Dk. Simon August (Michael McKean) anampenda Dk. Stephanie Brody (Sean Young), na Stephanie ana maradhi ambayo mwishowe yanamfikisha kwenye meza ya upasuaji. Bosi wa mafia amelazwa hoi. Mwanawe, anayechezwa na Hector Elizondo, amevaa nguo za kike ili maadui wasimtambue, na daktari mmoja anampenda akidhani ni binti. Muuaji wa kukodiwa ametumwa kummaliza bosi, lakini kila mtego anaoutega unamrudia mwenyewe, mpaka naye anakuwa mgonjwa wa hospitali ileile aliyokuja kuulia. Anayemcheza ni Michael Richards, ambaye dunia ilimfahamu baadaye kama Kramer wa kichekesho cha televisheni cha Seinfeld, na ukitazama anavyoanguka, anavyojigonga na kuinuka, utaona mwili wa Kramer tayari upo, miaka saba kabla ya wakati wake.

Filamu hii ni mtoto wa Airplane!, kichekesho cha 1980 ambacho kiligharimu takriban dola milioni 3.5 na kuingiza zaidi ya milioni 80 Marekani. Baada ya hapo kila studio ilitaka filamu ya aina hiyo: utani mfululizo, mwingine mbele ya skrini, mwingine nyuma kabisa ukutani au kwenye kipaza sauti cha wodi, na waigizaji wenye nyuso kavu kama wako kwenye msiba. Marshall alikuwa bingwa wa vichekesho vya televisheni, mtu wa Happy Days na Laverne & Shirley, na hii ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema kuiongoza. Inaonekana. Ina kasi, ina joto, ina watu wengi wanaopendeza, lakini inaruka kutoka kisa hadi kisa kama kipindi cha televisheni. Airplane! ilikuwa na uti wa mgongo mmoja, hadithi ya ndege na marubani wanaougua, ambayo waandishi wake waliichukua kutoka filamu ya mwaka 1957 isiyo ya kichekesho. Hata utani mmoja ukikosa kukuchekesha, bado unataka kujua kama ndege itatua. City Hospital haina ndege ya kutua.

Kuna tatizo jingine, na kwangu mimi ndilo kubwa zaidi katika ulinganisho huu wote. Mlengwa mkuu wa filamu ni General Hospital, tamthilia ya mchana iliyoanza Aprili 1963 katika kituo cha ABC. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa hatarini kufutwa, hadi mtayarishaji Gloria Monty alipokabidhiwa mwaka 1978 na kuitia mwendo wa kasi. Mwaka 1981 ilikuwa gumzo la Marekani. Novemba mwaka huo harusi ya wahusika wake Luke na Laura ilitazamwa na watu wapatao milioni 30, na nyota wa sinema Elizabeth Taylor mwenyewe alikuja kucheza. Miezi michache kabla ya harusi hiyo, tamthilia hiyo ya hospitali ilikuwa na kisa cha tajiri mwovu mwenye mashine ya hali ya hewa anayetaka kuigandisha dunia nzima kwa barafu. Ilirushwa hivyo, mchana kweupe, na waigizaji wakaigiza kwa dhati kabisa.

Sasa mtu anayetaka kuitania tamthilia ya namna hiyo kwa kuizidishia chumvi ataongeza nini? Muuaji anayejidhuru na mwana wa mafia aliyevaa gauni havifiki popote karibu na mashine ya kugandisha dunia. Mwenye tamthilia amekwisha kufika mbali kuliko mtaniaji. Hii ndiyo sababu nacheka sana na sehemu za Young Doctors in Love zinazotania hospitali, yaani madaktari wakuu wenye ubabe, wanafunzi waliochoka na nesi mkuu anayelinda kabati la dawa, lakini sehemu zinazotania tamthilia zinanipita nikiwa nimetulia tu.

Watengenezaji walikuwa na silaha moja ambayo Mmarekani wa 1982 aliifurahia. Filamu ilitengenezwa na tawi la sinema la ABC, wenye General Hospital, kwa hiyo nyota wa tamthilia za mchana wanapita humo kwa sekunde chache: John Beradino, Emily McLaughlin, Stuart Damon, Jackie Zeman na wengine. Aliyekuwa akiwaona kila siku saa tisa alasiri aliruka kitini. Wengi wetu hatukukua na General Hospital. Sisi tulilelewa na telenovela za Mexico, zikafuata za Ufilipino, sasa Waturuki wanaongea Kiswahili sebuleni kila jioni. Mapigo ya tamthilia tunayajua vizuri, kupoteza kumbukumbu, mtoto wa siri, pacha mwovu, lakini nyuso zile hatuzijui. Utakayemtambua ni Demi Moore, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa General Hospital na hakuna aliyejua angefika wapi. Hivyo sehemu nzima ya utamu wa filamu hii haitufikii, na ni haki kumwambia mtu mapema.

Tootsie ilichukua njia nyingine kabisa. Michael Dorsey (Dustin Hoffman) ni mwigizaji hodari wa New York ambaye hakuna anayetaka kufanya naye kazi, kwa sababu anagombana na kila mwongozaji. Katika tangazo moja alicheza nyanya, na akabishana na waliomwajiri kwamba nyanya haiwezi kukaa chini. Wakala wake anamweleza wazi kwamba hatapata kazi mjini humo wala kwingine. Anahitaji dola 8,000 ili mchezo wa rafiki yake upande jukwaani. Anavaa wigi, miwani na gauni, anajiita Dorothy Michaels, anakwenda kufanyiwa majaribio na anapata nafasi ya msimamizi wa hospitali katika tamthilia ya mchana iitwayo Southwest General.

Angalia ujanja wa waandishi hapa. Southwest General haikuzidishiwa karibu chochote. Mandhari yake, taa zake, mazungumzo yake, daktari mkuu mzee anayembusu kila mwanamke anayepangiwa kuigiza naye, vyote vinafanana na tamthilia halisi ya wakati ule. Kichekesho kinatoka kwa mtu mmoja aliyeingizwa humo na siri yake. Siku ya kwanza Dorothy anaambiwa kwamba tukio linaisha kwa busu la daktari huyo, naye anambadilishia hati palepale kamera zikiwa zinazunguka na kumpiga kichwani. Mtayarishaji anaipenda. Watazamaji wanaipenda zaidi. Kidogo kidogo mwanamume aliyejificha ndani ya gauni anakuwa mwanamke jasiri kuliko wote katika tamthilia, na barua za akina mama zinaanza kumiminika.

Na hapa ndipo Dabney Coleman anapochanua. Ron, mwongozaji anayemcheza, hamwiti mwanamke yeyote kwa jina lake, ila kwa vijina vya kubembeleza, huku akimdanganya Julie (Jessica Lange) ambaye ni mpenzi wake. Dorothy anamsimamisha mbele ya watu wote na kumwambia kwamba yeye ana jina, na kwamba wanaume kazini pale Ron anawaita kwa majina yao. Michael mwenyewe, kabla ya kuvaa gauni, hakuwa bora sana kuliko Ron. Filamu inajua hivyo na haimwachii.

Tootsie iliteuliwa kuwania Oscar mara kumi, na Lange akashinda ya mwigizaji msaidizi wa kike. Mmoja wa waandishi wake, Larry Gelbart, ndiye aliyeileta M*A*S*H, kichekesho cha hospitali ya jeshi vitani, kwenye televisheni, kwa hiyo alijua jinsi ya kuchekesha ndani ya wodi bila kuwafanya wagonjwa kuwa kichekesho. Bill Murray anacheza rafiki wa Michael na kila mara anaposema kitu kwa sauti yake ya uvivu anaiba tukio. Geena Davis yumo pia, katika filamu yake ya kwanza kabisa, akiwa nesi wa Southwest General.

Siri inavyofichuka sitaisimulia yote, lakini naomba utazame jinsi ilivyojengwa. Kanda iliyorekodiwa inaharibika, waigizaji wanalazimika kuigiza mubashara, na Michael, mbele ya nchi nzima, anaanza kutunga hotuba ndefu ya kutatanisha, mambo ya ukoo, kulipiza kisasi na ndugu pacha, kwa mtindo wa tamthilia yenyewe. Anatumia upuuzi wa tamthilia kusema ukweli wake. Sijaona filamu nyingine ya aina hii iliyobana namna hiyo, ambapo kitu kinachotaniwa ndicho kinachomwokoa anayekitania.

Soapdish iko katikati ya hizi mbili, na kwa mtu aliyewahi kulia kwa sababu ya telenovela, nadhani ndiyo itakayompa kicheko kikubwa zaidi. Sally Field ni Celeste Talbert, malkia wa tamthilia ya mchana aliyechoka na kuogopa uzee. Mwigizaji mwenzake Montana (Cathy Moriarty) anataka nafasi yake na anamzungusha mtayarishaji kijana (Robert Downey Jr.) kwa ahadi za mapenzi ili amfukuze Celeste. Kwanza wanamwandikia mambo ya kumchukiza kwa watazamaji, mhusika wake anamuua msichana bubu asiye na makazi. Hiyo isipofanya kazi, wanamrudisha Jeffrey Anderson (Kevin Kline), mpenzi wake wa zamani aliyetupwa nje ya tamthilia miaka mingi nyuma na sasa anaigiza kwenye ukumbi wa chakula Florida, mbele ya wazee wasiosikia.

Mwandishi mkuu wa tamthilia, Rose, anayechezwa na Whoopi Goldberg, anapinga: mhusika wa Jeffrey alikatwa kichwa. Wakubwa hawaoni shida. Atafute njia ya kumrudisha. Nilipoiona sehemu hii nilifikiria mara ngapi nimekaa mbele ya runinga nikikubali marehemu arudi bila swali, na nikahisi kwamba filamu hii imetengenezwa na watu wanaotufahamu sisi watazamaji na wasiotudharau.

Nguvu ya Soapdish ni kwamba maisha ya nyuma ya kamera yana vituko kuliko vya mbele ya kamera. Kuna mtoto wa siri. Kuna mapenzi yaliyovunjwa na kufufuka. Kuna wivu wa miaka ishirini. Celeste anapofunua siri yake kubwa anafunua studio, mbele ya wote, kwa kilio kilekile anacholipwa kukilia, na hakuna anayejua kama anaigiza. Field anacheza hivyo vyote kwa mwili mzima. Tazama anavyopandwa na hasira kwa sababu ya kilemba alichovalishwa na mtengeneza mavazi, au siku Rose anapompeleka duka kubwa na kujifanya shabiki aliyemtambua ghafla ili umati umzunguke na kumrudishia moyo. Tukio hilo la duka linachekesha na linasikitisha kwa wakati mmoja. Kline naye, kwenye matangazo ya mubashara, anashindwa kusoma maneno kwenye skrini ya mbali na anaigiza udaktari kwa kukisia. Ni dakika chache tu, lakini utani wa upasuaji uliomo humo unanichekesha kuliko mwingi ulioko City Hospital.

Kila moja ya filamu hizi ina mtu anayeficha kama ni wa kiume au wa kike, na jinsi kila moja inavyolishughulikia jambo hilo itakusaidia kuchagua, hasa ukikusudia kutazama na wengine. Young Doctors in Love inalitumia kwa kicheko cha haraka cha mwanamume mwenye sauti nzito ndani ya gauni, haina chuki lakini haina wazo pia. Tootsie inaligeuza kuwa funzo la maisha kwa mhusika wake. Soapdish inalihifadhi hadi mwisho na kulitumia kumwaibisha Montana mbele ya umma, na hapo naona filamu ninayoipenda inafanya ukatili usiohitajika. Mwanamke yule alikuwa mwovu wa kutosha kwa matendo yake. Ningefurahi kama wangemwangusha kwa hayo.

Kuhusu rika la watazamaji, Young Doctors in Love ilipewa daraja R Marekani, yaani aliye chini ya miaka 17 aende na mtu mzima: ina matusi, utani wa chumbani na wa sehemu za mwili, na haifai kuwekwa sebuleni na wazazi au watoto wakiwa wamekaa. Soapdish ni PG-13 (wazazi wawe waangalifu zaidi kwa walio chini ya miaka 13), Tootsie ni PG (watoto watazame kwa mwongozo wa wazazi), ingawa Tootsie nayo ina maneno makali hapa na pale na madaraja ya miaka ile yalikuwa legevu kuliko ya sasa. Urefu pia unatofautiana. Young Doctors in Love na Soapdish hazifiki saa moja na dakika arobaini, Tootsie inakaribia saa mbili na haina haraka mwanzoni.

Lugha nayo iangalie. Kama Kiingereza cha Kimarekani kinakuchosha na hupendi kusoma maandishi chini ya skrini, Young Doctors in Love haitakusumbua sana kama hizo nyingine mbili: utani wake mwingi unaonekana kwa macho. Mtu anaanguka, kitanda kinakimbia, bandeji zinaongezeka kwa muuaji kila anapojaribu tena. Tootsie inaishi kwenye mazungumzo. Ukikosa anachojibu Dorothy, umekosa filamu. Soapdish watu wake wanaongea kwa kasi na kwa kupokezana, lakini nyuso za Field na Kline zinatafsiri nusu ya maneno.

Kwa hiyo, kama una usiku mmoja tu na unataka filamu iliyo bora kuliko zote tatu, chukua Tootsie bila kusita. Kama mko kundi la watu mnaotazama tamthilia kila siku na mnajua nani kamzaa nani, chukua Soapdish, na muisimamishe mara kwa mara mkumbushane ni tamthilia gani mliona jambo hilohilo. Young Doctors in Love naipendekeza kwa wawili: anayefanya kazi hospitali au anayesomea udaktari, kwa sababu atacheka mahali ambapo sisi wengine hatuoni kitu, na anayependa filamu za mtindo wa Airplane! na amekwisha kuzimaliza zile kubwa. Usimpe mgeni wa filamu hizi aanze nayo.

Ukiwa na muda wa kuziona zote, anza na Young Doctors in Love, ufuate Tootsie, umalizie Soapdish. Kwa mpangilio huo utamwona Coleman akihama kutoka udaktari kwenda kiti cha mwongozaji, kisha Marshall akihama kutoka kiti cha mwongozaji kwenda kwenye ofisi ya bosi wa kituo. Na utani wa kichwa kilichokatwa utakukuta tayari, kwa kuwa utakuwa umeshaona jinsi wengine wawili walivyojaribu kulikabili swali lilelile la namna ya kuitania tamthilia ambayo haina mpaka.